Mtoto Asiyetumwa

Kwetu Malindi, katika mtaa wa Shela, mtoto alijulikana kwa kutumwa. Mtu mzima yeyote, awe amekuzaa au hakukuzaa, alikuwa na haki ya kukuita kutoka barazani kwake, "Wee, hebu njoo," na ukaenda kumnunulia tambuu, ukampelekea shoga yake salamu, au ukamrudishia jirani mbuzi ya kukunia nazi. Ukikataa, habari ilifika kwenu kabla yako. Watoto wenzangu walilalamika kutwa kwamba wanachoshwa. Mimi niliwaonea wivu mkubwa, kwa sababu hadi nilipokaribia miaka kumi sikuwahi kutumwa na mtu hata kuchukua kijiko jikoni.

Nilizaliwa na moyo wenye tundu. Baba alinieleza baadaye, kwa kuchora kwenye karatasi, kwamba ndani ya moyo wangu palikuwa na tundu pasipotakiwa kuwa na tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni ilikuwa nyembamba mno. Utotoni sikuyajua hayo. Nilijua mambo mawili tu: midomo na kucha zangu zilikuwa rangi ya zambarau, na nikitembea kidogo lazima nichutame. Wageni wakiniona waliuliza nimekula zambarau wapi na kwa nini sikuwabakishia. Nilichoka kujibu, nikawa nawaambia zimekwisha.

Nikichutama, magoti yakagusa kifua, pumzi ilirudi taratibu. Kwa hiyo mji wangu niliupima kwa michutamo. Kutoka kwetu hadi duka la Mshihiri, yule Mwarabu wa Shihiri, michutamo miwili. Hadi chuoni, tulikosoma Kurani, minne. Hadi nyumbani kwa bibi mdogo, yaani dada yake bibi yangu, aliyekaa upande wa pili wa mtaa, michutamo saba siku moja niliyojaribu, na baada ya hapo huko sikupelekwa ila begani mwa baba. Bado nazikumbuka sehemu zote nilipochutamia. Moja ilikuwa mbele ya mlango wa mzee mmoja mkali ambaye kila siku alitoka na kikombe cha maji, akanisimamia mpaka niinuke, kisha akaingia ndani.

Nyumbani tulikuwa watano. Baba alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii, akitoka alfajiri na kurudi jioni akinuka vitunguu thomu. Mama alikuwa mtu wa kucheka haraka na kulia haraka. Dada yangu alinizidi miaka miwili. Na bibi, mama mzaa baba, ndiye mwenye nyumba, na ndiye aliyeamua nani atatumwa wapi. Bibi alikuwa na sauti inayovuka ukuta. Ila akinisemesha mimi, ilishuka ikawa kama ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa aliyelala. Nilikuwa nikiichukia sauti hiyo.

Nilipelekwa kupasuliwa Nairobi nikiwa na miaka tisa. Nakumbuka baridi na sweta kubwa ya kijani isiyokuwa yangu. Nakumbuka zaidi msichana wa kitanda cha pili. Alikuwa rika langu, Mgiriama wa Kaloleni, naye moyo wake una tundu. Alipasuliwa siku mbili kabla yangu. Nilipozinduka na kuweza kukaa, yeye tayari alikuwa akinichekesha, kisha akinikataza nisimchekeshe yeye kwa sababu, alisema, atashonoka.

Siku moja tulikuwa tukiambizana tutafanya nini tukirudi kwetu. Yeye alisema atacheza ngoma mpaka vumbi limfike kiunoni. Mimi nikasema nataka nitumwe.

"Utumwe wapi?"

"Popote."

Alicheka huku ameshika kifua kwa mikono miwili, mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. "Mimi nikirudi," akasema, "ni kujificha nisitumwe. Wewe kichwa nacho hawakukipasua?"

Muuguzi huyo ndiye aliyeniletea kioo. Nilijitazama, nikaona midomo ya waridi, nikadhani ni ya dada.

Tuliporudi Malindi, baba alisoma karatasi ya daktari kwa sauti, sote tumekaa ukumbini. Ilisema kwamba kwa wiki sita nisibebe kitu kizito, kisha niendelee taratibu na shughuli za watoto wa umri wangu. Bibi hakujua kusoma maandishi hayo lakini hesabu ilikuwa kichwani mwake. "Wiki sita ni siku arobaini na mbili," akasema. "Kumbe hata madaktari wanaijua arobaini."

Basi nikawekwa arobaini. Kwa bibi, mtu aliyepasuliwa, akamwaga damu, akarudi hai, ni mzazi, na mzazi anajulikana anavyotunzwa. Nilifungiwa chumba cha ndani. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku, jioni kufukizwa udi chini ya kanga mpaka macho yatoe machozi. Alitaka kumleta mkandaji anikande kwa maji moto. Mama akaweka mguu chini, akamwambia mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na haukandwi. Bibi akakubali kifua kiachwe, lakini miguu ikakandwa, maana miguu hakuna aliyeitia waya. Wanawake wa mtaa walikuja kunitazama kwa zamu, na mmoja mwenye utani akauliza mlangoni, "Haya, amezaa nini, mume au mke?"

"Amejizaa mwenyewe," bibi akamjibu.

Siku ya arobaini nilikoshwa, nikatiwa wanja, nikavishwa nguo mpya na kutolewa ukumbini. Watu walikula halua na kunywa kahawa kwa ajili yangu. Nilikaa kwenye kiti nikiwahesabu watu wazima waliokuwepo. Walikuwa kumi na mmoja. Nikajiambia kati ya kumi na mmoja hawa, mmoja hatakosa kusahau kitu kwake akatafuta mtoto wa kumtuma. Mmoja alisahau mwavuli. Alimtuma dada.

Ikaendelea hivyo. Dada alikwenda safari zake na zangu. Alikwenda dukani, sokoni, kwa fundi cherehani, kwa bibi mdogo, na akirudi alinikuta nimekaa kibarazani juu ya mto, ndipo akaninong'oneza kwa hasira, "Laiti ningekuwa na tundu mimi." Nilimwambia nitabadilishana naye wakati wowote. Alidhani namtania.

Nikaanza kutafuta ugomvi. Nilimwaga mtungi mzima wa maji ya kunywa, bibi akasema, "Masikini, mkono umechoka." Nilikata ukili aliokuwa akisukia mkeka, akasingiziwa paka. Chuoni, kila aliyekosea aya alionja bakora. Mimi nilikosea kwa makusudi, tena aya ya kwanza ya sura fupi kuliko zote, na maalimu akasema kwa upole, "Rudia, mwanangu." Wenzangu walinitazama kwa chuki, na walikuwa na haki. Skulini, saa ya michezo, mwalimu alinikalisha kwenye kivuli kulinda viatu vya darasa zima. Nilivijua viatu vya kila mtu, na nilijua ni vya nani vinavyonuka.

Siri yangu ilikuwa uani. Bibi akilala mchana, nilikwenda nyuma ya nyumba nikakimbia kuzunguka kisima. Siku ya kwanza nilizunguka mara mbili nikachutama kwa mazoea, kisha nikashangaa nimechutamia nini, maana pumzi ilikuwepo. Nikainuka nikaendelea. Baada ya wiki chache nilifika mizunguko ishirini. Moyo ulipiga kwa nguvu lakini sawasawa, kama mtu anayetwanga akiwa hana haraka wala hasira. Nilifurahi mpaka nikaogopa, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo nyumba nzima haikulijua, na nikilisema nitafungiwa.

Kisha ukaja msimu wa zambarau. Maisha yangu yote nilikuwa nimenyimwa tunda hilo, kwa kuwa bibi aliona ni kama kuchokoza jambo. Siku hiyo rafiki zangu walileta pakacha zima, nasi tukakaa nyuma ya chuo tukala mpaka ndimi zikawa nzito. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Bibi alikuwa akipepeta mchele ukumbini. Akaniangalia usoni, ungo ukamponyoka.

Sikupewa nafasi ya kusema. Nilibebwa na jirani mwenye baiskeli, bibi akikimbia nyuma, yeye ambaye magoti yake hayakumruhusu kupanda ngazi, na mama nyuma yake akilia. Hospitalini, tabibu alinisikiliza kifua, akaniangalia kucha, akaniambia nitoe ulimi. Akachukua pamba iliyoloweshwa, akanifuta midomo, akamwonyesha bibi ile pamba.

"Bibi, hii ni zambarau," akasema.

Bibi aliichukua akainusa. Kisha akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa buibui, mabega yakamtikisika. Mimi nilidhani analia, na mama pia, tukamkalia huku na huku. Alikuwa anacheka. Alicheka njia nzima ya kurudi, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba amenipeleka hospitali kunawishwa mdomo. Lakini kesho yake dada aliagizwa anichunge nisile kitu chochote chenye rangi.

Miezi kama sita baada ya kupasuliwa tulitakiwa Mombasa kwa uchunguzi. Tulikwenda mimi, mama na bibi, kwani bibi alisema madaktari wanahitaji kusikia habari kutoka kwa mtu anayeona. Kwenye baraza ya kliniki nikamwona yule msichana wa Kaloleni, ambaye habari zake nilikuwa nimewasimulia wote nyumbani. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni kwa leso, anamtikisa, huku anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa amenenepa. Aliponiona alicheka, na safari hii hakushika kifua.

"Umetumwa?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

Kabla sijajibu, mama yake akamwita. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono ya kulima. Alimwambia amshushe mtoto, avuke barabara akanunue maandazi, na achunge magari. Msichana aliguna, akajikokota kama mtu aliyeonewa, na alipofika ukingoni mwa barabara akakimbia. Bibi aliinuka wima kutoka kwenye benchi.

"Mwanangu," akamwambia yule mama, "huyo si amepasuliwa pamoja na huyu wangu?"

"Ndiyo, hawe," mama yule akajibu, akimwita bibi kwa neno la kwao. "Wiki moja."

"Na unamtuma?"

"Nina watoto sita, hawe. Akichoka hupumzika, kisha huendelea. Anateka maji, anachunga mbuzi, anapigana na kaka zake. Mwanzo nilikuwa namfuata nyuma nyuma, nimejificha kwenye mihogo. Siku moja akanigeukia, akaniambia, 'Mama, watu watadhani wewe ndiwe mgonjwa.' Nikamwachia Mulungu."

Daktari alinisikiliza mbele na nyuma, akanipandisha na kunishusha ngazi mara tatu, akasema moyo unafanya kazi vizuri. Akamgeukia bibi, maana alishaona nani mwenye amri. "Aishi kama watoto wengine. Acheze, mtumeni kazi za nyumbani. Akichoka atapumzika mwenyewe." Bibi alisema ahsante, akamwombea daktari umri mrefu. Mlangoni akamnong'oneza mama, "Kijana huyo hajaoa bado, atajuaje mambo ya watoto?" Nilitamani kukaa chini pale pale nisiinuke.

Zamani hizo Kilifi haikuwa na daraja. Ulifika Mnarani, ukasubiri feri, na ukisubiri ulinunua korosho. Tulikaa kivulini sisi watatu, korosho zimo katika pakiti ya gazeti mapajani mwa bibi. Feri ilikuwa ng'ambo. Nilikuwa nimenuna, na kununa kwangu kulikuwa kwa wazi, kwa kugeuka mgongo. Bibi akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba msichana wa Kaloleni ananunua maandazi na mimi nalinda viatu, kwamba ninazunguka kisima mara ishirini, kwamba kama sitatumwa basi kheri wangeliacha tundu langu.

Mama alinishika mkono ninyamaze. Bibi alimenya korosho mpaka ikabaki nyeupe tupu, lakini hakuila.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Baba yako hakumdiriki, alikuwa bado hajazaliwa. Midomo yake ilikuwa kama yako, na alikuwa akichutama kama wewe. Siku hizo hatukuwa na wa kutuambia ni nini, tukasema ni mvivu. Mimi ndiye niliyesema. Siku moja nilikuwa jikoni, mchuzi uko motoni, nikamtuma chumvi. Akaniambia, 'Mama, nimechoka.' Nikamwambia, 'Mtoto hachoki, nenda.' Akaenda." Akaitazama ile korosho. "Alichutama njiani, hakuinuka tena. Walimleta na chumvi yake mkononi."

Feri ikawa inakuja. Watu wakaanza kubeba mizigo yao na kushuka.

"Basi usinione mjinga," bibi akaniambia, na akanitia ile korosho mdomoni.

Tangu siku hiyo sikuwahi kumlaumu tena, wala sikuacha kutamani kutumwa. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja, yakigombana.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Vichochoro vilijaa tope, na kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, watoto walipita na vyakula vya futari kutoka nyumba hadi nyumba, vimefunikwa kawa. Chombo kikitoka kwako na futari, hakirudi kitupu. Bibi na dada yake walikuwa na desturi yao tangu walipoolewa: hapana hata mmoja aliyefuturu kabla ya kuonja cha mwenziwe. Bibi hupika vipopoo, vile vidonge vya unga vinavyopikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki. Huvitia katika bakuli la kauri lenye maua ya buluu, alilopewa harusini kwake, na dada hulipeleka. Dada alilijua bakuli hilo kuliko alivyoijua mikono yake, kwa jinsi alivyoonywa.

Siku ya nane ya mfungo dada aliamka na matubwitubwi. Mashavu yalivimba, akafungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akawa hana sura. Baba alikuwa kazini. Mama alikuwa kwa jirani aliyejifungua, naye angerudi karibu na adhana. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na imekatika punde, njiani hakuna mtoto hata mmoja. Magoti ya bibi masika yalivimba yakawa kama mafenesi, na tangu asubuhi alikuwa akitembea kwa kushika ukuta.

Kutoka kibarazani kwangu nilimwona anakuja mlangoni, anatazama kulia, anatazama kushoto, anarudi ndani. Akaja tena. Futari ya bibi mdogo ilikwisha letwa na mjukuu wake wa kiume, kijana mkubwa aliyeitua na kukimbilia msikitini. Sasa bakuli letu limekaa ukumbini, limejaa, lina kawa juu, moshi mwembamba unatoka pembeni. Bibi alisimama mlangoni mara ya tatu. Sikumtazama. Nilikuwa nahesabu matone yanayodondoka kutoka kwenye makuti, na nilikuwa nimebana pumzi.

"Wee," akasema. "Hebu njoo."

Ile sauti haikuwa ya karibu na mgonjwa. Niliinuka haraka nikajikwaa kwenye mto wangu mwenyewe.

Alinifunga leso kiunoni akaikaza. Akaniwekea bakuli mikononi, juu ya kitambaa ili nisiungue, na mikono yake ikakaa juu ya yangu kwa muda. "Mwenda pole hajikwai," akasema. "Ukichoka, chutama. Wasikia? Weka bakuli chini, chutama. Futari itangoja, hata adhana ikilia."

"Sawa, bibi."

Nilikwenda polepole mpaka kona ya kwanza, nikijua kwamba yuko mlangoni ananitazama. Nilipita mahali pangu pa mchutamo wa kwanza, nikapita pa pili. Nilipopita mlango wa yule mzee mkali alikuwa nje anatawadha. Aliniona, akasimama na birika lake, akaanza kutafuta kikombe. Nilimwambia, "Shikamoo, nimetumwa," nikampita. Na hapo furaha ikanizidi, nikaanza kukimbia.

Mtu asikimbie na vipopoo kwenye tope la masika. Niliteleza kwenye kona ya ukuta mrefu, kawa likaruka upande wake, nami nikakaa kitako katika tui la nazi. Bakuli la harusi ya bibi lilikuwa vipande vitatu. Mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe kwa mazoea. Moyo ulikuwa ukitwanga vizuri. Goti ndilo lililochunika. Niliitazama damu yake, nyekundu kabisa, kisha nikakusanya vipande kwenye leso na kurudi nyumbani.

Mama alikuwa ameshafika. Aliponiona nimelowa na damu gotini alipiga magoti, akaweka sikio lake kifuani mwangu, huku ananiuliza niko vipi, naona kizunguzungu, napumua? Bibi alisimama nyuma yake. Aliangalia goti. Aliangalia midomo yangu, kwa muda mrefu. Kisha akaangalia leso.

"Bakuli langu," akasema.

Nikafungua leso.

"Huna macho?" Sauti ilivuka ukuta. "Nilikwambia nini mlangoni hapa? Mwenda pole hajikwai, nilisema au sikusema? Umetumwa au umekwenda kucheza foliti? Asiyesikia la mkuu, basi, ndiyo hayo! Bakuli limevuka mtaa huu miaka arobaini halijapata ufa, leo limekutana na miguu ya mbuzi!"

"Mama," mama yangu akaanza, "mtoto ana..."

"Ana nini? Ana moyo mzima na akili nusu. Niache nimkaripie."

Nikalia. Mama alidhani ni maumivu, akanikumbatia. Lakini mimi nilikuwa nalia kwa furaha, na nikamtoka mama mikononi ili nimsikie bibi vizuri zaidi. Dada alichungulia chumbani na kitambaa chake kichwani, akaanza kucheka, akashika mashavu kwa maumivu, akaendelea kucheka. Alisema kwa meno yaliyofungwa, "Alhamdulillahi, na yeye leo."

Bibi alikwenda jikoni akiwa bado anasema. Akarudi na vipopoo vilivyobaki sufuriani, amevitia katika bakuli la bati. "Futa miguu. Nenda. Na hili nalo ukilivunja nitakuuliza umelivunjaje."

Nikaenda tena, kwa pole safari hii. Adhana ililia ninapoingia kwa bibi mdogo. Yeye alikuwa amekaa mkekani na tende mkononi hajaitia mdomoni, anangoja. Aliniona, akatazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimetumwa."

Alionja kipopoo kimoja, akafuturu, na tende yake akanipa mimi. Nilikaa ukingoni mwa mkeka wake nikiitafuna, ndipo nikakumbuka kuhesabu. Michutamo saba ilikuwa njiani, na sikuchutama hata mmoja.

Nilipokuwa narudi nilimkuta bibi kwenye kona ya ukuta mrefu, kajishika ukutani, miguu imezama kwenye tope. Alisema amekuja kutafuta kawa lake. Kawa lilikuwa limelala mbele yake. Niliokota, tukarudi pamoja, yeye mbele akilalamika juu ya magoti.

Baada ya hapo nilitumwa, lakini si kila mahali. Nilipeleka futari, nilirudisha vyombo, niliitwa na majirani waliposikia kwamba sasa ninaitika. Dukani bado alikwenda dada, hata akiwa hajapona sawasawa. Mama alijua kwa nini, nami nilijua, na hatukulisema.

Idd ikapita. Asubuhi ya siku ya tatu bibi alikuwa jikoni akikata vitunguu, mchuzi uko motoni. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Mama alikuwa akikoroga.

"Wee," bibi akasema. "Chumvi imekwisha. Nenda dukani."

Mwiko wa mama ukasimama chunguni. Juu ya rafu, karibu na kichwa cha bibi, kulikuwa na mkebe wa chumvi, na nilikuwa nimeujaza mwenyewe jana yake. Bibi hakuutazama, wala hakunitazama mimi. Aliendelea kukata vitunguu, machozi yanamtiririka, na hapana aliyeweza kumuuliza ni ya nini.

"Na nikichoka?" nikamuuliza.

"Ukichoka utapumzika," akasema. "Nenda, mchuzi haungoji."

Nilitoka. Palikuwa na jua, na tope lilikuwa limekauka. Yule Mshihiri mwenye duka aliinama juu ya meza yake kunitazama, kwa kuwa siku zote aliniona nimeshikwa mkono na mtu mzima, akaniuliza nimekuja na nani na ninataka nini.

"Nimetumwa chumvi," nikamwambia.